Mlango wa Arobaini na Tatu

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya Kampuni nalitaja hapa juu kabisa, nisije nikalizungukazunguka kama ilivyo tabia yangu. Niliandika katika daftari kwamba chumba cha arobaini na tatu ni kitupu, nami nilijua kuwa ndani mna mwanamke amekaa eda. Sikukosea hesabu wala kalamu haikuteleza. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote, nikanyunyiza mchanga mkavu juu ya wino, nikafurahi.

Nilikuwa karani wa nyumba katika shamba la mkonge, ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kutoka Korogwe. Kampuni ilikuwa imejenga nyumba ndefu kumi za matofali kwa ajili ya wafanyakazi. Kila nyumba ilikuwa na vyumba kumi na viwili vilivyobanana ukuta kwa ukuta, bati moja juu, baraza moja mbele. Milango mia na ishirini. Ukikohoa kwenye chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anakupa pole. Humo walilala watu waliotoka Unyamwezi na Usukuma, na sisi wa karibu, Wazigua na Washambaa. Kazi yangu ilikuwa kujua nani yuko nyuma ya kila mlango, ukuta upi umepasuka, bati lipi linavuja, nani apewe chumba na nani atolewe. Watu waliniita karani wa milango, na hawakuniita hivyo kwa heshima.

Kanuni ya vyumba ilikuwa moja. Chumba ni cha mwenye kipande, ile karatasi anayotiwa alama kila siku aliyofanya kazi. Mke na watoto walikaa kwa kipande cha mume. Kipande kikirudishwa ofisini, chumba nacho kimerudi.

Lazima niseme jinsi nilivyokuwa, maana bila hivyo kosa langu litaonekana la ujinga tu, na mimi sitaki kujipunguzia. Nilizaliwa Kwaluguru, huko Handeni, nyumba ya wakulima. Herufi za Kiarabu nilizipata chuo cha Kurani kama wenzangu. Herufi za Kizungu hakunifundisha mtu. Nilizisoma kwenye mapipa ya saruji na masanduku yaliyoshushwa kwenye gari la moshi pale Korogwe, nilipokuwa mpagazi wa stesheni. Mtu mmoja wa mizigo alinitajia sauti za herufi sita, zilizobaki nikazinyang'anya mwenyewe. Basi nilipopewa daftari na kiti, niliishi kwa hofu. Aliyefundishwa na mwalimu akikosea, kosa ni la watu wawili. Mimi nikikosea, watasema: tulijua, huyu si karani, huyu ni mpagazi aliyeshika kalamu.

Kwa hofu hiyo sikuwahi kufuta mstari. Nikiharibu neno moja, nilichana ukurasa mzima nikauandika upya, hata kama ulikuwa na majina thelathini. Kurasa zilizochanwa nilizificha chini ya mkeka wangu. Nilikuwa nalala juu ya makosa yangu, na asubuhi nilikuwa nayahesabu.

Mume wa yule mama alikuwa msukuma vigari vya majani ya mkonge kwenye reli ndogo ya shambani. Kigari kilipinduka kwenye mteremko kikamwangukia. Aliishi siku tatu. Tukamzika upande wa chini wa shamba, mahali Kampuni ilipotenga, na mkewe akakaa eda mle mle chumbani alimomwacha marehemu, kama dini inavyotaka: miezi minne na siku kumi, asitoke, asijipambe, asionane na wanaume wasio ndugu zake. Majirani walimtekea maji. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa Kishambaa wa mlango wa arobaini na nne, Mkristo, mwenye mikono mipana na maneno mengi, na mume mpole ambaye sikuwahi kusikia sauti yake.

Mimi nilikuwa nampitia mjane kila Ijumaa nikitoka kusali. Nilisimama barazani, yeye nyuma ya mkeka alioutundika mlangoni. Watu wa mumewe walikuwa wa Kwaluguru, kwa hiyo aliniita mtoto wa nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu wa Kwaluguru. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Sauti yako ina njaa. Ngoja."

Na mkono ulitokea chini ya mkeka ukisukuma kibakuli cha mihogo ya kuchemsha. Mkono tu. Sura yake sikuwahi kuiona.

Siku zake alizihesabu kwa uzi wa mkonge, kila machweo fundo moja. Ijumaa moja aliniambia zimebaki thelathini na tisa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona nyumba yake kwa mbali. Alikuwa na wasichana wawili, wamebaki kwa mama mkwe wake. "Nikimaliza nitaoga, nitavaa, nitakwenda kuwachukua," alisema. "Mama mkwe ni mtu wa dini, lakini ni mgumu. Amenitumia salamu: maliza eda ya mwanangu kwa ukamilifu, uje uchukue watoto na shamba la mumeo. Ukitoka kabla, usifike kwangu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia hivyo mimi, karani wa milango.

Kwa miezi ile jina la marehemu lilikuwa bado limo katika daftari la zamani, na hakuna aliyeuliza. Kisha Bwana wa majumba, Mdachi mwenye ndevu nyekundu aliyepita kila Jumamosi na fimbo yake akigonga kuta, alileta daftari jipya kutoka Tanga. Lilikuwa limepigwa mistari tayari na lina safu nne: namba ya mlango, jina la mtu, namba ya kipande, hali ya ukuta. Watu wapya wanakuja, alisema, kwa hiyo vyumba vyote viandikwe upya, na Jumamosi alikute tayari.

Nikakaa siku nne na daftari lile. Sikumbuki kazi niliyoipenda zaidi. Nilichonga ukingo wa mwanzi ili herufi zisivuke mstari. Nikafika mlango wa arobaini na tatu nikasimama. Jina la maiti sikuweza kuliandika katika daftari jipya, lilinichukiza kama uchafu. Jina la mjane nalo halikuwa na kipande cha kuandika pembeni yake, na mahali pale pangebaki peupe, kama jino lililong'oka, katikati ya ukurasa wangu. Kuandika maelezo nje ya safu? Sikuweza. Yupo asiyenielewa, najua. Nilisikia mwasho mwilini kwa kufikiria tu.

Nikaandika "tupu." Nikajiambia ni neno la daftari tu, haligusi mtu. Watu watapangwa kwingine, na siku zake zilizobaki zitapita.

Jumamosi Bwana alifunua kurasa moja moja. Akasema, "Safi. Safi sana." Maneno hayo mawili niliyala mpaka Jumatatu.

Jumatatu asubuhi mnyapara alikuja na watu wanne waliotembea kutoka mbali, miguu yao myeupe kwa vumbi. Alikuwa na karatasi kutoka ofisini yenye namba arobaini na tatu. Nilikuwa naangalia bati linalovuja nyumba ya pili nikasikia naitwa kwa kelele.

"Karani! Njoo hapa. Chumba chako kitupu kinakohoa!"

Watu wakacheka. Nilipofika, mama wa Kishambaa alikuwa amesimama mlangoni, miguu ameitanua, ungo mkononi kama ngao.

"Ndiye huyu," alisema. "Ndiye huyu anayekula mihogo ya mwenzangu kila Ijumaa. Umeandika nini, wewe mtoto?"

"Mama, ni mambo ya ofisi."

"Ofisi ipi? Ofisi haina mikono, mikono ni yako. Hebu sema, karani wa milango, mlango wa kaburi la mumewe nao umeupa namba?"

Mnyapara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiboko kiunoni, lakini siku ile hakukigusa. Aliniambia polepole, "Mimi nafuata karatasi. Badilisha karatasi, mimi nageuka sasa hivi."

Na yule mkubwa wa wageni wanne, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akavua kofia yake. "Bwana karani, kwetu sisi nyumba yenye msiba haiingiliwi. Tupe baraza. Mvua hakuna. Tutalala nje mpaka mama amalize."

Wote walikuwa tayari kugeuka, kila mtu pale. Nililiona hilo na nililielewa.

"Na chumba cha mia na tatu?" mama wa Kishambaa akauliza. "Kimefungwa tangu juzi. Mna nini humo, mfalme?"

"Chokaa haijakauka."

"Chokaa!" Akawageukia watu. "Jamani, anaihurumia chokaa!"

Chokaa ilikuwa imekauka tangu Ijumaa, ila daftarini, katika safu ya hali ya ukuta, nilikuwa nimeandika chokaa mbichi. Nilikuwa nimeona mchirizi mmoja wa brashi upande wa dirisha, nikataka kupaka tena kabla hakijapokea watu. Kile chumba kilikuwa kizima, safi, kinangoja.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo: kwenda ofisini, hatua mia mbili, na kusema, Bwana, nimekosea mistari miwili, naomba nifute. Labda ningepigwa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano, kama alivyopigwa mpishi kwa sahani iliyovunjika. Labda ningerudishwa stesheni kubeba mapipa. Au labda Bwana angecheka na kusema, futa. Mpaka leo sijui, na kutojua huko kunanitesa kuliko viboko ambavyo sikupigwa. Nilichokiona machoni mwangu wakati ule hakikuwa kiboko wala mjane. Ulikuwa ule ukurasa, na mstari mweusi uliokatiza katikati yake.

Nikasema, "Subirini. Nakwenda kumwuliza mwalimu."

Nikatembea mpaka Masuguru kwa mwalimu wa chuo, saa nzima nikipanga maneno. Nilimkuta anawafundisha watoto, akawanyamazisha. Nikamweleza kwamba yuko mjane katika nyumba za Kampuni, eda haijaisha, na anatolewa.

"Anatolewa na nani?"

"Kampuni, mwalimu."

"Hakuna njia ya kukataa?"

"Hakuna."

Akafikiri. Hakuwa mtu wa haraka. "Basi aliyetolewa kwa nguvu hana lawama. Ahamie nyumba ya karibu iwezekanayo, yenye stara, akamalizie siku zake huko. Eda yake ni sahihi. Dhambi iko kwa anayemtoa."

Nikambusu mkono. Hukumu yake ilikuwa ya kweli kwa mambo niliyomwambia. Njiani kurudi niliishika nusu ya kwanza, na ile nusu ya mwisho nikaiacha Masuguru.

Nilisimama mbele ya mkeka. Nilisema mwalimu ametoa ruhusa. Akauliza kutoka ndani:

"Mwalimu amesema hivyo mwenyewe?"

"Amesema hivyo, mama."

"Na anajua ni nani anayenitoa?"

"Nilimwambia."

Nikasikia sufuria zinakusanywa.

Chumba cha mama wa Kishambaa kilikuwa na mume na mashemeji, hakikumfaa. Wakaamua apelekwe Kwamndolwa kwa dada yake huyo mama, mjane mwenziwe mwenye kibanda chake. Ikawa adhuhuri, wakati ambao chuma cha shamba hugongwa na vikundi vyote vinarudi kula. Sikufikiria kuchagua saa nyingine. Wanawake wanne walishika shuka la kaniki nyeusi kila mmoja pembe yake, wakalitengeneza kama chumba kisicho na paa, naye akatembea katikati. Ilionekana miguu tu chini. Wanaume mia mbili walisimama wakatazama. Wengine waligeuza nyuso kwa adabu, wengine hawakugeuza. Mmoja akauliza kwa sauti, "Bibi harusi wa nani huyo?" Njia ya Kwamndolwa inapita kwenye kivuko, na kwenye kivuko kuna watu wa kila mahali, wachuuzi wa chumvi na tumbaku, watu wa Handeni wanaorudi kwao.

Shuka lilipopita karibu na meza yangu, sauti ilitoka ndani yake. "Karani." Hakusema mwanangu. "Ni nani aliyeandika?"

"Ni Kampuni, mama," nikasema. "Ni amri."

Wakaenda. Nikaingia arobaini na tatu kufagia. Nilikuta mafiga matatu, majivu bado ya moto, na msumari uliotundikiwa mkeka. Nikaung'oa, nikaziba tundu kwa udongo, nikalainisha kwa kidole mpaka halikuonekana.

Alasiri ile mnyapara alirudi. Wale watu wanne hawakuhitaji chumba tena. Bwana alikuwa amewapeleka kufyeka pori kwenye shamba la pili, wakalale huko huko. Chumba cha arobaini na tatu kikakaa siku kumi na sita bila mtu. Daftari langu lilikuwa limesema kweli hatimaye.

Nilirudi Kwaluguru baada ya Idi kuwasalimu wazazi. Mama yangu alinipikia ugali na mlenda, akaniuliza kazi, akajisifu mbele ya majirani kwamba mwanawe anaandika kama Mzungu. Kisha, tukiwa tunapukuchua mahindi, akanipa habari za kijiji.

"Umesikia ya mke wa marehemu yule wa huko huko kwenu? Katoka edani mchana kweupe! Kaonekana kivukoni. Mama mkwe wake kawafungia mlango ndugu wa mwanamke waliokuja kumwombea."

"Labda alitolewa, mama."

"Alitolewa na nani? Mtu na nyumba yake?"

Nilipukuchua mahindi. Nilimaliza gunzi lile, nikachukua jingine. Mama akaendelea na habari nyingine.

Ilinichukua siku mbili kwenda kwa yule bibi, mama mkwe. Nyumba yake ilikuwa imefagiliwa vizuri sana, uwanja una alama za fagio zilizopangika, na nakumbuka niliupenda usafi ule hata katika hali ile. Wasichana wawili walikuwa wanatwanga, mchi mmoja baada ya mwingine. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikasema yote: daftari, chumba cha chokaa, mwalimu, nusu ya hukumu niliyoiacha. Nilisema mimi ndiye. Mara ya kwanza nililisema kwa sauti.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ungekuja mapema."

"Najua, bibi."

"Hujui. Mimi nimeshasema. Nimesema mbele ya ndugu, nimesema msikitini kwa kinywa cha mume wangu, nimewaambia watoto hawa kwamba mama yao katoka kwa miguu yake. Leo niwaambie nini? Kwamba bibi yenu muongo?"

"Uwaambie karani ndiye muongo."

"Karani!" Akanitazama juu mpaka chini. "Karani atarudi Korogwe na kalamu yake. Mimi nabaki hapa na neno langu. Nenda, mwanangu. Umeshatua mzigo wako, nauona hapa uwanjani kwangu."

Nilitamani kumchukia. Sikuweza, maana nilimwelewa vizuri mno.

Nikarudi kwa njia ya Kwamndolwa. Mjane alikuwa amekwisha kumaliza siku zake zote kwenye kona ya kibanda kile, fundo kwa fundo, bila kukosa hata moja. Nilimkuta analima shamba la mtu mwingine. Ndipo nilipoiona sura yake mara ya kwanza. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na kijana kuliko sauti yake. Nikasema, "Shikamoo, mama. Ni mimi niliyeandika."

Hakuacha kulima. "Nilijua siku ile ile. Kampuni haina sauti inayotetemeka."

"Nimekwenda Kwaluguru kumwambia bibi."

Jembe likasimama. "Amesema nini?"

Nikamwambia. Akauliza kama wasichana wamekua. Nikasema mkubwa sasa anatwanga. Akasema, "Anatwanga," akainamia jembe tena. Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Nilisimama pale nikiwa na maneno ya kuomba msamaha niliyoyapanga tangu Handeni, yamenyooka kama mistari yangu, na yote hayakuwa na pa kuingia.

Bado nafanya kazi Kampuni. Bado naamka kuhesabu makosa. Lakini sasa nafuta. Ukurasa wa kwanza nilioufuta ulikuwa na jasho langu juu yake, na Bwana aliutazama, akanuna, akapita, basi. Siandiki chumba kitupu kabla sijapiga hodi nikangoja. Tangu wakati ule wajane watatu wamemaliza eda katika milango ninayoiandika, na daftarini, katika safu ya hali ya ukuta, vyumba vyao vimeandikwa chokaa mbichi kwa miezi minne na siku kumi. Wasichana wawili wako bado Kwaluguru kwa bibi yao, na mama yao yuko Kwamndolwa.